Serikali Ilipotozwa Mchenya

Ninyi mnaoanza kazi ya misitu sasa mna ramani inayoonyesha pori zima kwenye simu, mna gari, na mkipotea mnampigia mtu. Sisi tulikuwa na baiskeli, nyundo na filimbi, na filimbi ilikuwa ya kujinunulia. Sisemi haya mnihurumie. Nataka tu mjue kwamba nitakayowaambia sikuyapata semina.

Juzi alikuja kijana mmoja hapa kwangu Ibadakuli, ndiyo kwanza ameajiriwa, amevaa buti zinazong'aa. Alinipa shikamoo, akakaa, akaniuliza ni jambo gani gumu kuliko yote katika kulinda msitu. Nadhani alitaka nimwambie moto, au wachoma mkaa, au nyoka. Nilimwambia jambo gumu kuliko yote ni kukaa kijijini wiki baada ya wiki bila mtu yeyote kukusalimia. Alitabasamu kwa adabu, kama mtu anavyomtabasamia mzee, kisha akaniuliza habari za afya yangu. Afya yangu ni nzuri. Ndiyo maana naandika.

Mimi ni mtu wa Morogoro, milimani, ambako ukitaka kuliona jua sharti kwanza utoke kwenye miti. Nilimaliza chuo cha misitu, na mwanzoni mwa miaka ya tisini nikapangiwa mkoa wa Shinyanga. Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Bwana Komba, Mngoni mfupi aliyekaribia kustaafu. Siku niliyoripoti nilimuuliza msitu uko wapi. Akanitoa nje, akanionyesha mgunga mmoja nyuma ya ofisi. "Ndio huo," akasema, "na usije ukaukata."

Kazi yetu ilikuwa kuirudishia Shinyanga miti. Tulikuwa na kitalu, tulikuwa na viriba vya plastiki vilivyojaa udongo, na tulikuwa na miche ya mijohoro, milusina na mikaratusi. Tulisambaza miche kwa baiskeli na mikokoteni. Mchwa wa Shinyanga walitupokea vizuri sana. Mkaratusi ulikuwa unapandwa Jumatatu, na ukirudi wiki inayofuata unakuta kijiti kimesimama palepale, ukikigusa kinabaki gome tupu. Kwenye taarifa tuliandika kwamba miche imepokelewa, na hilo lilikuwa kweli.

Mwaka mmoja mgeni wa heshima alipanda mjohoro mbele ya ofisi ya kata. Mbuzi waliumaliza kabla vumbi la msafara wake halijatulia. Tuliposikia anarudi kukagua, tulichukua mwingine mkubwa zaidi kitaluni, tukaupandikiza kwenye shimo lilelile na kuumwagilia maji mengi. Mgeni alisimama mbele yake, akasema udongo wa hapa una rutuba kuliko watu wanavyousingizia. Tulimkubalia wote, na Bwana Komba akaongeza kwamba ni udongo wa ajabu.

Baada ya mgeni kuondoka, Bwana Komba aliniita kando. "Umeona unavyopanda?" akaniuliza. "Sasa acha kupanda." Akanieleza jambo ambalo chuoni lilipewa nusu ukurasa. Chini ya ardhi ya Shinyanga, visiki na mizizi ya miti ya zamani bado ipo hai. Haihitaji mche. Inachohitaji ni ng'ombe wasiikanyage na watu wasiiguse kwa miaka michache, nayo itachipua yenyewe, tena migunga na mitundu ya palepale ambayo mchwa wameshaizoea. Na Wasukuma walikuwa na namna yao ya kufanya hivyo tangu zamani. Wanaiita ngitili: eneo la malisho linalofungwa masika, ng'ombe wasiingie, ili kiangazi nyasi zikiisha kwingine zipatikane pale. Ndani ya ngitili miti nayo inapumua. Kazi ya Serikali, alisema Bwana Komba, ni kwenda kuwaomba wazee wafanye walichokuwa wakikifanya kabla Serikali haijawaambia waache.

Hapo ndipo nilipokutana na Mzee Luhende.

Nilikuwa nimehamishiwa kwenye kijiji kimoja njia ya kwenda Kahama, mimi na mke wangu, Mama Rehema, na binti yetu ambaye ndio kwanza alikuwa anatambaa. Mzee Luhende alikuwa mkuu wa sungusungu wa pale, wale walinzi wa jadi wenye pinde na filimbi. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, na hakuwa na haraka na lolote. Katika mkutano wangu wa kwanza nilieleza umuhimu wa miti kwa muda mrefu, kwa mabango ya picha. Nilipokaa chini, yeye akasimama.

"Baba yangu aliamriwa na Mzungu akate miti yote, kwa sababu ya mbung'o," alisema. "Akakata. Mimi nikaamriwa nikate iliyobaki, nilime pamba. Nikakata. Sasa wewe, ng'wanawane," akaniita mwanawe kwa Kisukuma, "unaniambia nipande. Nitapanda. Ila niambie mapema mwanangu naye ataamriwa nini, ili aanze kujiandaa."

Watu walicheka, nami nikacheka nao. Lakini nilipozungumzia ngitili walisikiliza, na baada ya mikutano mingi wakakubali kufunga bonde lote lililo nyuma ya kijiji. Waliweka sheria yao wenyewe kwenye dagashida, yaani ule mkutano wa jadi ambao kila mtu anasema na hakuna anayeondoka mpaka neno liwe moja. Atakayekata mti ndani ya ngitili atalipa mchenya, faini ya jadi, ng'ombe mmoja wa kuliwa na kijiji kizima. Mpaka atakapolipa, anatengwa. Hasalimiwi, hauziwi, hapewi moto wa kuwashia jiko, na akifiwa atajizikia mwenyewe.

Niliipenda sana sheria ile. Nilisimama nikaomba waongeze maneno "bila kujali cheo cha mtu". Mzee Luhende aliniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika, wakaongeza.

Ngitili ile ilifanya vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukipanda. Baada ya misimu michache migunga ilikuwa juu ya kichwa changu, mitundu imenyooka, nyasi zinaficha ndama. Akina mama walikuwa wanapata kuni bila kutembea nusu siku. Vijiji vya jirani vilianza kutuma wazee kuja kutazama. Walikuja, wakatembea bondeni, wakaondoka bila kusema kitu, na mwaka uliofuata nikasikia na wao wamefunga.

Sasa lazima niwaambie habari za dhahabu, maana huwezi kueleza miti ya ukanda ule bila dhahabu. Upande wa Geita, na huku Bulyanhulu, watu walikuwa wanachimba kwa mikono, kila siku machimbo mapya. Shimo la mchimbaji linaitwa duara, na duara halisimami lenyewe. Linazuiwa na magogo, ukuta hadi ukuta, kuanzia juu mpaka chini kwenye mwamba. Hayo magogo ndiyo matimba. Timba likiwa bovu udongo unashuka na walio chini hawatoki. Kwa hiyo mchimbaji anayekata mti si lazima awe mtu mbaya. Anataka kutoka shimoni jioni. Mkikaa kwenye geti la kukagua mazao ya misitu mkumbuke hilo, kisha mfanye kazi yenu vilevile.

Na kwa kuwa nimetaja geti: msitazame turubai, tazameni springi. Lori lililopakia pamba linakaa juu. Lori lililopakia pamba juu ya magogo linakaa chini na linalalamika kwenye mashimo. Kisiki nacho kisiwadanganye kwa kupakwa matope. Kwangueni kwa kisu. Kama ndani kuna unyevu na harufu, aliyekata bado yuko wilayani.

Msimu wa kuuza pamba, katikati ya miaka ile ya tisini, kijiji kizima kilikuwa kwenye mizani ya chama cha ushirika, kikingoja zamu. Vibarua waliingia ngitili upande wa mbali, wakakata, na walikuwa wanaondoka na lori zima la magogo pale tairi lilipopasuka. Sungusungu walizisikia kelele za jeki. Filimbi zikapigwa kutoka kaya hadi kaya, vibarua wakakimbia na kuliacha lori na mzigo, pamoja na jeki.

Waliniita. Nilikuta wanaume wengi wamelizunguka lori na pinde zao, na Mzee Luhende amekaa juu ya gogo moja, amelishika kama mtu anayemshika mgonjwa mkono. Wengine walitaka magogo yabaki, yajengee josho la ng'ombe. Nikawaeleza sheria. Mazao ya misitu yaliyokamatwa ni mali ya Serikali mpaka Serikali iamue. Nikawaambia wanikabidhi mimi, na Serikali itajua la kufanya.

"Wewe ndiye Serikali?" aliuliza Mzee Luhende.

"Kwa hapa, ndiyo."

"Haya. Tumekukabidhi."

Nikatoa nyundo yangu, ile ambayo kichwa chake kinaacha alama ya Serikali kwenye gogo, nikagonga kila gogo kwenye kichwa chake. Nilifurahi sana siku ile. Nilikuwa nimekamata mzigo mkubwa bila mtu kuumia, na mkuu wangu mpya wilayani, aliyempokea Bwana Komba kazi alipostaafu, alinishika mkono mbele ya wafanyakazi wenzangu. Magogo yakanadiwa kama utaratibu unavyotaka, pamoja na lori, ambalo mwenyewe hakujitokeza. Tangazo lilibandikwa ubaoni, nje ya ofisi, mahali ambapo hupita wale tu wanaoingia ofisini. Alijitokeza mnunuzi mmoja.

Siku chache baadaye nilikuwa kwa fundi baiskeli, kando ya barabara, na wazee kadhaa wakiwa kivulini hapo, Mzee Luhende akiwemo. Likaja lori kutoka wilayani, likielekea magharibi. Lilisimama kuomba maji ya rejeta. Lilikuwa lori lilelile, na tairi jipya. Juu yake kulikuwa na magogo yaleyale.

Alishuka mtu nadhifu mwenye kofia ya kapelo. Alikuwa mmiliki wa maduara kadhaa upande wa Geita, na watu walimwita Bosi Sele. Nani aliyewatuma vibarua wakati ule, mimi sijui, na hakuna aliyewahi kulithibitisha. Ninachojua ni nani aliyenunua.

"Shikamoo, Bwana Misitu," alisema, akanipa mkono. "Karatasi zote ninazo, tena kila gogo lina alama yako. Wengine hupata shida sana barabarani. Nashukuru kwa kazi nzuri."

Mzee Luhende aliinuka, akalisogelea lori. Akaweka kidole kwenye alama ya nyundo.

"Haya si yale yetu?" akaniuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Na hii alama ni ya nani?"

"Ya Serikali."

"Sawa," akasema. Akarudi kukaa.

Kesho yake asubuhi nilitoka nje nikampa salamu jirani yangu, Mama Shija, aliyekuwa anakamua ng'ombe. Nilimwambia mwangaluka, kama kila siku. Aliendelea kukamua. Nikadhani hajasikia, nikarudia. Ng'ombe aligeuka kunitazama, Mama Shija hakugeuka.

Kama hamjakaa na Wasukuma hamwezi kuelewa. Salamu ya Kisukuma si neno la kupita nalo. Unaulizwa umeamkaje, watoto wameamkaje, ng'ombe je, mvua kwenu je, na ulikotoka je, na wakimaliza wanaanza upya kidogo ili kuhakikisha. Mwanzoni, nilipokuwa mgeni, salamu zile zilikuwa zinanichelewesha kazini na nilizilalamikia kwa Bwana Komba. Sasa nilikuwa nawahi kila mahali. Nilipita kijiji kizima kwa baiskeli kwa muda ambao zamani ungeniishia kwenye nyumba mbili.

Duka la kijiji lilikuwa linafungwa nikikaribia na kufunguliwa nikipita. Maziwa yalikuwa hayapatikani. Nikawa naendesha baiskeli hadi mjini kununua maziwa ya unga, mimi niliyezungukwa na ng'ombe wengi kuliko watu. Mwenye duka mjini alikuwa Mhindi mmoja mtaratibu, Bwana Hasham. Aliniuliza tu habari za siku nyingi, nami nikakaa dukani kwake mpaka alipoanza kufunga milango.

"Mimi niliolewa na Bwana Misitu," Mama Rehema aliniambia, ametoka kisimani ambako wanawake walimsogezea ndoo bila neno. "Sikuolewa na mnada."

Sitawaficha, niliumia. Nilikuwa nimefuata sheria neno kwa neno. Sikula rushwa ya mtu. Usiku nilikuwa naipitia hesabu yote kichwani, hatua kwa hatua, na kila hatua ilikuwa sahihi, na mwisho wake yale magogo yalikuwa Geita ndani ya duara la mtu.

Kisha alikuja mjumbe wa sungusungu. Alisimama uani kwangu na upinde wake, na kwa kuwa hakuruhusiwa kusema na mimi, akasema na baiskeli yangu.

"Aliyechukua magogo ya ngitili anadaiwa ng'ombe mmoja," aliiambia baiskeli. "Asipolipa kabla ya mvua za kwanza, ngitili inafunguliwa. Kila kaya itaingia na shoka ikate fungu lake, iuze yenyewe kwa wachimbaji. Afadhali sisi tukate kuliko kumtunzia mwingine."

"Na vijiji vingine?" niliuliza.

Aliifikiria baiskeli kidogo. "Vijiji vingine vinangoja kuona," akaiambia, akaenda zake.

Hapo nilielewa. Haikuwa habari yangu na maziwa tena. Wakiingia na mashoka pale, na jirani wataingia, na mwingine, mpaka bonde lolote lililofungwa kwa miaka ile lirudi kuwa vumbi kwa wiki chache. Kila tulichokipata, mimi na Bwana Komba kabla yangu, kilikuwa kinaning'inia kwa ng'ombe mmoja.

Nilienda wilayani. Mkuu wangu alinisikiliza, akavua miwani.

"Serikali haitozwi faini na kijiji," alisema. "Hata kifungu cha bajeti hakipo. Faini tunatoza sisi."

"Ngitili zitafunguliwa, mzee."

"Basi lipa wewe. Wewe kama wewe, na ng'ombe wako. Lakini nisisikie jina la Serikali hapo. Nikisikia, kazi yako itakuwa imeisha hapo."

Niliona ni maneno ya busara. Tuliuza makochi, ambayo Mama Rehema alikuwa ameyangoja tangu tulipooana. Nilienda mnadani nikanunua dume jekundu, la wastani, lenye pembe moja iliyopinda. Nikalikokota mpaka kijijini. Hakuna aliyenisaidia kulikokota, ingawa wengi walilitazama, na nilisikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba nimepigwa bei.

Dagashida ilikaa ndani ya ngitili yenyewe, asubuhi, mawingu yakiwa yameshaanza kujikusanya. Kila mwanamume alikuja na shoka, na akina mama wamesimama nyuma na kamba za kufungia kuni. Wazee wa vijiji vya jirani walikaa pembeni, wamekunja mikono. Nililifunga dume kwenye mgunga, nikasimama mbele ya Mzee Luhende. Siku ile sheria ilimruhusu aongee nami, kwa sababu nilikuwa mshtakiwa.

"Ng'ombe huyu ni wa nani?" aliuliza.

"Ni wangu, mzee. Nimemnunua kwa jasho langu."

Alitikisa kichwa taratibu. "Basi mfungue, ukamfuge. Sisi hatuna kesi na Baba Rehema. Baba Rehema hakukata mti, hakuuza gogo. Ni mtu mwema, tumekaa naye vizuri. Sisi tulimkabidhi Serikali. Nauliza tena. Ng'ombe huyu ni wako, au ni wa Serikali?"

Niliogopa. Nawaambia hivyo kwa sababu najua siku moja na ninyi mtaogopa. Nilikuwa na mke na mtoto, na nyumba isiyo na makochi. Mtendaji wa kata alikuwa amekaa palepale kwenye kiti chake cha kukunja, na nilijua kila neno litafika wilayani. Nilitazama mashoka. Yalikuwa yamenolewa vizuri sana.

"Ni wa Serikali," nikasema.

"Serikali imekosa?"

Nilijaribu kutafuta maneno ya kiofisi. Nilikuwa nayajua mengi. Ningeweza kusema kumekuwa na upungufu katika utekelezaji, au suala linafanyiwa kazi. Mzee Luhende alingoja, na watu wote wakangoja naye.

"Imekosa," nikasema.

Mzee Luhende aligeuka akawatazama wazee wa vijiji vingine, mmoja mmoja, kama anayeuliza wamesikia. Walikuwa wamesikia. Kisha watu wakatumia mashoka kupasua kuni za kuchomea nyama, kuni zilizoanguka zenyewe, na hakuna aliyegusa mti uliosimama. Mama Shija alikuja na kibuyu cha maziwa, akaniuliza nimeamkaje, mtoto ameamkaje, na huko mjini nilikokuwa nakwenda kila siku kulikuwa na nini. Nilimjibu yote, moja moja.

Nyama ilikuwa ngumu. Kweli nilikuwa nimepigwa bei.

Habari zilifika wilayani kabla hatujamaliza kula. Mkuu wangu hakunifukuza kazi, maana ili anifukuze ingebidi aandike sababu, na sababu yenyewe ingebidi itaje kwamba Serikali imekiri. Alinihamishia Runzewe, kwenye geti la mazao ya misitu, kazi ya kufungua na kufunga mti uliolazwa barabarani. Wenzangu niliosoma nao walipanda vyeo, wakapewa magari. Mimi nilipewa kiti. Nilikuwa na uchungu, na kwa miaka kadhaa sikutaka kuulizwa habari za kijiji kile.

Runzewe ni mji wa biashara, kila kitu kinapita: mchele, ndizi, wachimbaji, mitumba. Malori yalikuwa yanapita kwa kasi mchana kweupe, dereva akipunga mkono kama rafiki. Ukiwa umesimama na mti uko juu, hakuna atakayesimama. Ukiwa umeuteremsha, anasimama akiwa na simulizi tayari. Nimesikia simulizi nyingi za misiba kwenye geti lile. Kwa hesabu ya madereva, nusu ya wilaya ya Bukombe ilikuwa imekufa.

Miaka ya tisini ikielekea mwisho, mchana mmoja, mlinzi mwenzangu alikwenda kula akauacha mti juu. Mimi nilikuwa kivulini nikipigana na nzi. Lori likaja limejaa magogo, likapunguza mwendo, likasimama kwenye geti lililo wazi. Dereva akazima injini. Nikafikiri limeharibika.

Mlango ukafunguliwa, akashuka Mzee Luhende. Alikuwa amezeeka, anateremka akishika kila kitu kinachoshikika. Alinisalimia. Alianza na mimi, akaenda kwa Mama Rehema, kwa Rehema mwenyewe na masomo yake, kwa mvua za Runzewe, na malori mengine mawili yalipita yakipiga honi wakati bado hatujafika kwenye ng'ombe.

Kutoka upande wa pili akashuka Bosi Sele, kapelo mkononi, anajipangusa jasho.

"Nilimwambia geti liko wazi, tupite," alisema. "Mzee amekataa. Anasema bila wewe kukagua haendi popote."

"Tumepunguza miti iliyosongamana," Mzee Luhende alinieleza. "Dagashida imekubali. Huyu amenunua kwetu, mchana, mbele ya watu wote, na kwa fedha hizo zahanati inaezekwa. Vijiji vingine navyo vinafanya hivyo sasa. Nimesindikiza mzigo mwenyewe mpaka hapa, ili uuone."

Nilisoma karatasi zao. Kila kitu kilikuwa sawa. Mtu mwingine angewarudishia, akawapungia mkono. Lakini mzee wa umri ule hakupanda lori kutoka njia ya Kahama ili nimpungie mkono. Nikachukua kamba yangu ya kupimia, nikapanda juu, nikaanza kukagua gogo moja baada ya jingine, jua likiniwakia, Bosi Sele akihema pale chini. Karibu na mwisho nikakuta mawili membamba kuliko kiwango kinavyoruhusu.

"Mzee," nikasema kutoka juu, "haya mawili hayafiki kipimo."

Bosi Sele akafungua mdomo. Mzee Luhende akamwinulia kiganja.

"Yashushe," akasema.

Nikayashusha. Alishika upande mmoja, nami nikashika wa pili, tukayabeba mpaka nyuma ya geti.